Gauni la Bi. Aisha na mahafali ya mabinti zetu

  

Ndugu msomaji, anayepita siku hizi mbele ya vibaraza vya mafundi cherehani wa Tandika, Mtoni kwa Azizi Ally au Mbagala Rangi Tatu hana haja ya kutazama kalenda ili ajue kwamba msimu umeingia. Vitambaa vya kung'aa vimetundikwa mlangoni, mabinti wamesimama foleni kupimwa, na fundi mwenyewe, aliyekuwa akimaliza kazi kabla ya Magharibi, sasa taa yake inawaka hadi usiku mkubwa. Darasa la saba hufanya mtihani wao mwezi wa Septemba na kidato cha nne hufanya wao mwezi wa Novemba. Kwa hiyo katika wiki hizi karibu kila Jumamosi kuna shule inayofanya mahafali, na karibu kila mtaa kuna nyumba inayozungumza juu ya gauni.

Safu hii haina nia ya kuwazomea wazazi kwa furaha yao. Kumfikisha mtoto kidato cha nne katika wilaya yetu ya Temeke ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Wapo waliotembea asubuhi ya giza kwa sababu makondakta wa daladala hawataki wanafunzi, wapo waliosoma wakikaa watatu katika dawati moja, na wapo akinamama waliouza vitumbua miaka minne ili daftari lipatikane. Aliyevuka hayo yote ana haki ya kushangiliwa.

Wala wasidanganyike wale wanaosema kwamba sherehe ya kumaliza masomo ni jambo la kigeni tupu. Neno mahafali lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mkusanyiko, na neno kuhitimu limetokana na khitma, yaani kumaliza. Kabla shule za serikali hazijaenea, watoto wa pwani hii walikuwa wakihitimu katika chuo cha Qur'ani. Mtoto aliyekamilisha juzuu thelathini alivishwa kanzu mpya, akafukizwa udi na akapitishwa mtaani kwa kaswida, wazazi wakampa mwalimu zawadi yake na majirani wakalishwa. Hata joho, ambalo leo wanafunzi wanalikodi kwa siku moja, wazee wetu walilijua kama vazi la masheikh na mabwana harusi kabla hatujaliona kwenye picha za vyuo vikuu. Desturi ya namna hii haimo katika ibada, na katika mambo ya desturi asili yake ni ruhusa mpaka iingie haramu ndani yake. Kwa hiyo anayekimbilia kuita mahafali yote kuwa bid'a anaharakisha.

Kilichotusukuma kuandika leo ni sehemu ya pili ya mahafali, ile inayoanza baada ya risala kusomwa na vyeti kugawiwa. Kwa saa mbili au tatu wahitimu wote huwa wamevaa sare ya shule au joho la rangi moja, na mgeni rasmi hawezi kumtambua mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama lishe. Kisha joho linavuliwa. Hapo ndipo yanapotoka magauni, viatu virefu, vipodozi na nywele zilizosukwa kwa bei ya chakula cha wiki nzima. Hapo ndipo mashada ya karatasi za rangi yanapovishwa shingoni, moja juu ya jingine, mpaka uso wa binti mmoja unafichika, huku mwenzake aliyekaa naye dawati moja akiwa na shada moja au hana kabisa. Wapiga picha wanajua wamfuate nani. Matarumbeta yamelipwa na baba wa fulani, nayo yanampigia fulani. Na siku hizi picha hizo hazikai ndani ya albamu. Kabla ya Isha zimeshafika katika simu za mtaa mzima, na kila mtu ameshaona nani alivaa nini.

Wamarekani wana sherehe yao ya namna hii wanayoiita prom, usiku mmoja wa mwisho wa masomo ambapo wasichana huvaa magauni marefu na wavulana huvaa suti, nao huenda kucheza dansi wawili wawili. Vijana wetu wameiona katika filamu, na baadhi ya shule za gharama kubwa hapa jijini zimeichukua na jina lake. Shule zetu za kata hazijachukua jina, ila sehemu ya pili ya mahafali inazidi kufanana nayo mwaka hadi mwaka.

Mama mmoja wa Yombo alitusimulia habari ya binti yake, nasi tunaieleza bila kumtaja wala kuitaja shule. Wasichana wa darasa lake walikubaliana kwamba baada ya vyeti watabadilisha nguo na kuvaa gauni la kitambaa cha aina moja, kitakachonunuliwa Kariakoo. Aliyepanga alikuwa na nia njema kabisa, ili wote wafanane. Siku ya mahafali ilipofika, binti huyo aliamka akisema kichwa kinamuuma. Mama akampa dawa, akamwambia alale. Cheti cha kuhitimu kililetwa nyumbani na mwanafunzi mwenzake Jumatatu yake. Ilipita wiki tatu ndipo mdogo wake alipotoboa siri: dada hakuwa na maradhi yoyote. Aliona fedha ya mama ilivyo, akaamua asiombe, na kwa kuwa hakuwa na kitambaa hakuweza kwenda kukaa peke yake na sare ya shule katikati ya wenzake.

Mama yule hakulalamikia shule wala wale wasichana. Neno moja tu alilisema, kwamba miaka minne alikuwa akiingoja siku ile, na siku ile ilipita yeye akiwa jikoni anakaanga vitumbua vya kuuza kesho yake.

Tunajiuliza ni wangapi wa namna hii. Hatuna hesabu, lakini kila mwalimu tuliyezungumza naye anamkumbuka angalau mwanafunzi mmoja aliyeugua ghafla siku ya mahafali.

Wapo pia wanaochagua njia nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Tangu Januari 2016, kwa waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa katika sekondari za serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Mzazi akapumua. Lakini mahali ada ilipotoka pameingia mchango wa mahafali, kitambaa, fundi, msusi, mpiga picha, gari la kukodi na keki. Fedha hiyo inatoka wapi? Kwa wengi inatoka katika upatu, na hilo halina ubaya. Kwa wengine inatoka kwa wale wakopeshaji ambao watu wa mjini wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Jina hilo halikutungwa na masheikh. Limetungwa na waliokaushwa.

Mama anachukua shilingi 100,000 akiambiwa arejeshe 130,000 ndani ya mwezi, kidogo kidogo kila wiki. Wiki ya kwanza analipa kutoka katika mtaji wa biashara. Wiki ya pili mtaji umekwisha. Wiki ya tatu wanakuja watu kubeba televisheni, godoro au jiko la gesi. Elfu thelathini hizo za juu ndizo riba, hata zikipewa jina gani, na kauli ya Mwenyezi Mungu juu ya riba katika Suratul Baqarah, kuanzia aya ya 275 mpaka ya 279, inajulikana kwa kila aliyepita chuoni. Hakuna dhambi nyingine katika muamala wa mali ambayo Qur'ani imewatangazia wenye kuing'ang'ania vita itokayo kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na vita hiyo tunaiingiza nyumbani kwa ajili ya gauni litakalovaliwa saa tano.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bi. Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba sana katika Sala yake kinga dhidi ya deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtu akiingia katika deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Mwenye kutaka tafsiri ya hadithi hii aende katika mitaa yetu siku ya kukusanya marejesho. Atamkuta mtoto amesimama mlangoni akisema mama hayupo, na mama yuko nyuma ya pazia. Mtoto huyo huenda ndiye mhitimu mwenyewe.

Sasa tuingie katika jambo lililotufanya tuchague kichwa cha habari cha leo.

Katika Sahih Bukhari, ndani ya kitabu cha hiba, kuna hadithi fupi ambayo wahubiri wetu hawaitumii sana. Ayman, baba yake Abdul-Wahid, anasimulia kwamba aliingia kwa Bi. Aisha (R.A.) akamkuta amevaa gauni la pamba nzito lenye thamani ya dirhamu tano. Bi. Aisha akamwambia amtazame mjakazi wake aliyekuwepo pale, kwamba yule anaona haya kulivaa gauni lile hata ndani ya nyumba. Kisha akaeleza kwamba zama za Mtume (S.A.W.) yeye alikuwa na gauni moja la aina ile, na hakuna mwanamke aliyekuwa akipambwa Madina kwa ajili ya harusi yake ila alituma mtu kwake kuliazima.

Tuisome taratibu, kwa maana kila neno lina uzito wake. Dirhamu tano ni kiasi gani? Wanaojua hesabu za Zaka wanakumbuka kwamba nisabu ya fedha ni dirhamu mia mbili, na Zaka yake ni dirhamu tano. Kwa hiyo gauni hilo lilikuwa na thamani sawa na kile anachokitoa kwa mwaka mtu aliyefikia kiwango cha chini kabisa cha kuitwa tajiri. Halikuwa gauni la kifalme. Lilikuwa gauni zuri la kawaida, na ndilo lililowatoa maharusi wa mji wa Mtume.

Bi. Aisha alikuwa mke wa Mtume (S.A.W.), binti wa Abubakar Siddiq (R.A.), na nyumba yake iligusana na msikiti. Angeweza kulifanya gauni lile kuwa alama ya cheo chake, kwamba hili ni la mke wa Mtume na asilivae mwingine. Badala yake lilitoka likarudi, likatoka likarudi, kila familia ikileta ombi lake. Na maharusi wale hawakuona aibu, ingawa mji mzima ulilijua gauni lile na kila aliyehudhuria harusi aliliona kwa bibi harusi wa kabla yake. Hakuna aliyenong'ona kwamba hili tuliliona mwezi uliopita kwa binti fulani.

Kisha kuna yule mjakazi. Hadithi inaonyesha kwamba miaka imepita, nchi zimefunguliwa, mali imeingia Madina, na macho ya watu yamebadilika. Gauni lililokuwa pambo la maharusi limekuwa kitu ambacho hata mtumishi hataki kukivaa chumbani. Gauni halikuchakaa, wala Bi. Aisha hakumlaumu binti yule kwa maneno makali. Alilitaja jambo lenyewe na kuacha msikilizaji apime. Sisi tunaopima tunajiona katika upande upi? Mzee yeyote wa Keko au Chang'ombe atakuambia kwamba wakati wake msichana aliyetoka kwa gauni la kushonwa na shangazi yake alionekana amependeza.

Si hadithi hiyo peke yake. Mwaka wa nane wa Hijra, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, akamhakikishia kwamba ni azima yenye dhamana ya kurejeshwa. Bi. Aisha, aliyekuwa akiazimisha gauni, naye aliazima mkufu kwa dada yake Asmaa. Mkufu ukapotea safarini, msafara ukasimama mahali pasipo maji kuutafuta, na hapo ndipo ilipoteremka aya ya kutayamamu. Umma mzima unatayamamu hadi leo, na asili yake ni mkufu wa kuazima! Wanawake walipoamrishwa watoke kwenda kuhudhuria Sala ya Idi, mmoja aliuliza vipi kwa yule asiye na shuka la kujifunika. Jibu la Mtume (S.A.W.), kama alivyolipokea Ummu Atiyya (R.A.), lilikuwa kwamba ndugu yake ampe avae la kwake. Hakumwambia abaki nyumbani. Wala hakumwambia akakope.

Na kila mtoto wa madrasa anaijua Suratul Maun. Neno la mwisho la sura hiyo, ambalo ndilo jina lake, Abdullah bin Masud (R.A.) alilieleza kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Yaani wanaokemewa mwishoni mwa sura ni wale wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya kutumia na kurudisha.

Tunajua kizuizi kilichopo. Waswahili tuna methali yetu juu ya nguo ya kuazima, kwamba haisitiri, na neno linalofuata adabu ya ukurasa huu hairuhusu kulichapa. Methali ina hekima yake pale inapomwonya mtu asijenge maisha juu ya mali ya wengine. Lakini tumeigeuza kuwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Msichana anayevaa gauni la dada wa jirani anaimbiwa methali hiyo, naye anayevaa gauni la mkopo wa riba anapongezwa. Gauni gani kati ya hayo mawili ndilo lisilositiri?

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba tunahimiza watoto wetu watoke na matambara. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Masud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza juu ya mwenye kupenda nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Akafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mpaka umewekwa hapo, katika jicho linalowatazama wengine. Mwanamke anaweza kuvaa hariri asidharau mtu, na mwingine akavaa kitenge cha Tandika akawadharau wote waliovaa cha bei nafuu kuliko chake. Ama vazi linalovaliwa ili mvaaji atajwe na aonekane amewapita wenzake, Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) onyo kali, kwamba mwenye kuvaa vazi la kutafutia umaarufu atavishwa na Mwenyezi Mungu vazi la udhalili Siku ya Kiyama.

Mashindano haya nayo hayakuanza na kizazi hiki. Akinamama wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne iliyopita walikuwa na vyama vyao vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, chakula na mavazi ya sare. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyepata baadaye kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa aliyoyapigia kelele ni ubadhirifu na kuiga wageni bila kuchuja. Takriban miaka mia imepita. Lelemama haisikiki tena, na sare imehamia katika kichenpati, sendofu, arobaini na sasa mahafali ya watoto. Tumefika mahali ambapo mtu akialikwa msibani anauliza rangi.

Juu ya sitara hatutarefusha, kwa kuwa yameandikwa mengi na aya ya 31 ya Suratun Nur na ya 59 ya Suratul Ahzab zinasomwa misikitini mara kwa mara. Tunasema hili tu. Binti aliyefundishwa kuvaa hijabu tangu darasa la kwanza, akaivaa miaka kumi na moja, kisha mama yake mwenyewe akamshonea gauni la mabega wazi kwa sababu leo ni siku yake, anajifunza kitu siku hiyo. Anajifunza kwamba hijabu ilikuwa sare ya shule, na shule imekwisha. Na akina baba wanaokemea mabinti wawatazame pia wavulana wao, ambao hukodi suti, huvaa mkufu wa dhahabu ulioharamishwa kwa mwanamume, kisha hupotea na bodaboda mpaka alfajiri katika vigodoro.

Kwa anayesema kwamba haiwezekani kusherehekea bila kuchanganyika na kuvua, kuna mfano wa mbali. Katika mji mdogo wa Hamtramck, jimbo la Michigan huko Marekani, mji wenye Waislamu wengi wenye asili ya Yemen na Bangladesh, wasichana wa sekondari waliandaa mwaka 2012 prom ya wasichana peke yao. Wengi wao wazazi wasingewaruhusu kuhudhuria ile ya kuchanganyika. Wavulana hawakuruhusiwa kuingia, na waliovaa hijabu waliweza kuivua ndani na kuonyeshana magauni yao kwa amani. Hatusemi kila kilichofanyika ukumbini ni cha kuigwa. Tunasema watoto wa Kiislamu walio wachache katika nchi ya watu walitafuta njia, na sisi Temeke, ambako adhana ya msikiti mmoja inapokelewa na ya mwingine kabla haijamalizika, tunasema njia haipo.

Nini kifanyike? Kamati za shule zina uwezo mkubwa kuliko zinavyofikiri. Mahafali huandaliwa katika kikao cha wazazi na walimu, na kikao hicho kinaweza kuamua kwamba sare ya shule, iliyofuliwa na kupigwa pasi, ndiyo vazi la mahafali tangu mwanzo hadi watoto wanaporudi nyumbani. Kinaweza kuamua kwamba mashada yavishwe kwa darasa zima kutoka mfuko mmoja. Uamuzi huo haugharimu hata shilingi, na Wakristo waliomo katika kikao hawana sababu ya kuupinga, kwani nao wanakopa kwa mkopeshaji yule yule.

Misikiti nayo ina sehemu yake. Karibu kila msikiti wa mtaa una jumuiya ya akinamama, wenye masufuria ya shughuli, majamvi na vikombe ambavyo huazimwa na yeyote mwenye harusi au msiba. Hakuna anayeona haya kuazima sufuria la msikiti. Kabati moja la magauni ya sitara, yaliyotolewa na waliokwisha kuhitimu au kuolewa, lingewekwa palepale penye masufuria. Fundi wa mtaani angepunguza au kuongeza kiunoni kwa malipo madogo. Hukumu za azima ziko wazi katika madhehebu yetu ya Shafii: anayeazima hutunza, hurudisha, na kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa hulipa. Anayeogopa kwamba gauni lake litarudi na doa la pilau ana haki ya kusema hivyo mapema, na anayeazima ana wajibu wa kulifua kabla ya kulirudisha.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mabinti wa leo hawatakubali, kwa kuwa picha ya mwaka jana ipo na gauni litatambuliwa. Huenda. Lakini aibu hiyo haikuzaliwa na watoto. Wameisikia kwetu, tulipokuwa tukirudi harusini na kuhesabu nani alirudia nguo. Mtoto akimwona mama yake, mwenye uwezo, akivaa hadharani gauni la kuazima na kusema bila kuficha kwamba ni la mama fulani, atakuwa amefundishwa zaidi ya hotuba kumi za Ijumaa, na tunayasema haya tukijua kwamba sisi wenyewe ni watu wa hotuba.

Mama wa Yombo ana binti mwingine, yule mdogo aliyetoboa siri. Anamaliza kidato cha nne mwaka huu, na mtihani ni Novemba. Katika nyumba nyingi za mtaa wake, na za mitaa yetu, limo kabatini gauni la heshima lililovaliwa mara moja, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenye nalo asingoje kuombwa, maana anayehitaji ndiye asiyethubutu kuomba. Alitoe leo baada ya Alasiri, alipige pasi, ampe mtoto alipeleke.